Usiku wa Popobawa

Mwaka 1995 mtaa wetu wote wa Ng'ambo ulilala nje. Habari za Popobawa zilikuwa zimeanzia Pemba zikavuka hadi Unguja: dude lenye mabawa ya popo linaingia majumbani usiku, linawakandamiza watu na kuwaingilia, na asiyesimulia hurudiwa. Basi kila aliyepatwa alisimulia. Tulitandika mikeka uwanjani, tukakoka moto, wanaume wakashika zamu na magongo hadi alfajiri.

Ami yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Skuli, hata jibu likiwa sahihi, alikukosesha kama hukuonyesha njia. Habari za mwanzo kutoka Pemba alizikataa: "Nani kaona? Saa ngapi? Palikuwa na taa?" Nilimpenda kwa maswali hayo. Wiki haikupita akarudi kutoka barazani kabadilika. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ulikuwa Oktoba ile, na barazani walishakata shauri kwamba dude limeletwa na chama cha pili ili kututia hofu. Hakuuliza tena nani kaona. Kwenye maskani ya wenzao walisadiki vilevile, ila kwao mfugaji wa dude alikuwa chama cha ami.

Usiku mmoja jirani alizinduka kwa yowe, shuka imemlowa jasho. Alikuwa macho, akasema, akiuona moto na kutusikia tukikoroma, lakini hakuweza kuinua hata kidole, na kifuani kama kakaliwa. Wanaume wakasimama na magongo yao.

"Hilo jinamizi," bibi akasema. "Mimi likinikaba tangu nina mimba ya huyu." Akamwonyesha ami.

Ami akajibu kwamba hili limetumwa, na waliolituma wanajulikana.

"Na lau wangesema limetumwa na chama chako, mwanangu, ungesadiki?"

Ami aliinamia kandili, akashusha utambi, akaupandisha tena. Sikuwahi kumwona akikosa jibu.

Siku zile zile mjini, mgeni mgonjwa wa akili, aliyekuja kutafuta matibabu, alipigwa hadi kufa kwa kudhaniwa ndiye Popobawa. Kila nikimkumbuka maskini yule, nayakumbuka magongo ya uwanjani kwetu. Walioyashika ni watu wale wale waliotugawia chai usiku.

Bibi alikunja mkeka wake akaingia ndani kulala kitandani. Nilimfuata. Ami alibaki nje na zamu yake.