Barabara si ipo?

Maneno ya Shemeji Idi bado yamenikaa kooni. Jumapili, sahani zimeshatolewa, nimetandaza ramani mezani niwaonyeshe tutakavyoingia Calakmul, magofu ya mji wa kale wa Wamaya kule Mexico, naye kaegemea kiti na kijiti mdomoni: "Shemeji, makaratasi yote haya ya nini? Barabara si ipo? Tutafika tu."

Watu wakacheka. Nikakunja ramani, nikaenda kuinjika chai. Tangu hapo namjibu kila mahali: jikoni, kwenye basi, kitandani taa zikizimwa. Jumatano Baba Salma kaapishwa uraia wa Marekani, picha mmeziona, na hata pale ukumbini kichwani nilikuwa namjibu Idi.

Barabara ipo, ndiyo. Ni barabara kuu namba 186, ya kutoka Chetumal kwenda Escárcega, na ni lami. Ila Calakmul haiko pembeni ya 186. Ukifika kijiji cha Conhuas unaiacha, unakata kusini, na kuanzia hapo ni kilomita 60 za msitu mpaka kwenye magofu. Humo hakuna sheli, na mtandao wa simu unakukimbia mapema. Vibao vinakutaka mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na vina sababu: kuna batamzinga wa porini, wenye manyoya ya kung'aa kama shaba, wanaosimama katikati ya njia na hawana haraka. Basi kilomita 60 hizo ni saa moja na nusu, pengine mbili. Idi anaendesha lori Houston hadi Atlanta, najua. Huko kilomita 60 ni muda wa kumaliza kahawa.

Tutalala Xpujil, mji mdogo ulio kwenye hiyo hiyo 186. Kutoka Xpujil hadi Conhuas ni karibu kilomita 60 nyingine, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama 240 kwa tangi moja. Tangi linajazwa Xpujil jioni ya kuamkia safari, wala si asubuhi, kwa sababu sheli nyingine ya kutegemea iko Escárcega, upande wa pili kabisa. Kabla mhudumu hajachomeka bomba, unashuka na kuangalia pampu inasoma sifuri. Pesa taslimu za peso tunazitoa Chetumal, noti ndogondogo, maana njiani unalipa zaidi ya mara moja: wanakijiji wenye ardhi, hifadhi, halafu idara ya mambo ya kale. Usitegemee kadi.

Halafu saa. Hili ndilo ningependa Idi alijibu. Cancún, kwenye ndege yetu, iko jimbo la Quintana Roo, Calakmul iko Campeche, na Quintana Roo iko mbele kwa saa moja mwaka mzima. Ukiingia Campeche unapata saa ya bure, hakuna anayelalamika. Shida ni kurudi: unaondoka Xpujil ukidhani una muda, unavuka mpaka wa jimbo, saa moja imeyeyuka, na ndege haikungoji. Simu nayo karibu na mpaka huo hubadilika yenyewe mara mbele mara nyuma. Dawa ni kuiwekea saa kwa mkono na kuzima ule mpangilio wa kujirekebisha. Na usiku hatuendeshi. Matuta ya vijijini mengine hayana rangi wala kibao, ukiyagundua umeshayarukia, na ng'ombe hawana taa. Geti la magofu linafungwa saa kumi na moja jioni. Sisi saa nane mchana tuwe tunawasha gari.

Bima nayo. Bei ya gari la kukodi unayoiona mtandaoni ni ya kukuvuta. Ukifika kaunta wanaongeza ile ambayo nyumbani tunaiita bima ndogo, ya kumfidia utakayemgonga, na Mexico ni ya lazima. Bima ya kadi ya mkopo hulinda gari ulilokodi, haimlindi huyo mwingine. Kwa hiyo nimetafuta bei iliyoandikwa wazi kuwa bima hiyo imo ndani, na nitaichapisha.

Alhamisi usiku, katikati ya hasira hizi, nikarudi kuangalia michoro ya ukutani ya Chiik Nahb, ile iliyoibuliwa Calakmul mwaka 2004. Yenyewe imefungwa ili isiharibike, hatutaiona. Lakini picha zake tu! Mji huu ndio ulikuwa makao ya wafalme wa Nyoka, mji ulioisumbua Tikal, mji mwingine mkubwa wa Wamaya, kwa vizazi mpaka ukapigwa mwaka 695. Mawe yao ya kumbukumbu ya wafalme ni zaidi ya mia, na mengi yamelika kwa mvua kwa sababu chokaa ya huko ni laini. Na kilichobaki na rangi yake ni nini? Soko. Watu wa kawaida wanauza, wanakula, wanakunywa, na pembeni pameandikwa: mtu wa chumvi, mtu wa tumbaku, mtu wa uji wa mahindi. Kuna mama mwenye gauni la buluu jepesi, mwili unaonekana ndani yake, ameshika mtungi mkubwa wa mwenzake kichwani. Mnaweza kubishana kutwa kama anamtwisha au anamtua. Mikono ile naijua. Nimekaa nayo mpaka chai ikapoa, na Idi nikamsahau kabisa.

Ndipo simu ikalia. Yeye. Ujumbe wa sauti, nyuma injini inanguruma: "Shemeji, hiyo gari ya kukodi ina spea tairi, au wameweka ile chupa ya dawa na pampu? Maana tairi ikichanika ubavuni, dawa haisaidii kitu. Waulize kabla hujalipa."

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyohitaji. Swali hilo sikuwa nalo kwenye makaratasi yangu, na ni swali la mtu aliyeiona ile njia kichwani mwake kilomita kwa kilomita. Leo asubuhi nimewaandikia wa magari: spea, jeki, spana ya magurudumu, vyote vitatu, la sivyo tunahamia kampuni nyingine. Maji nimeweka lita 3 kwa kila mtu, chakula tunabeba, na hoteli ya Xpujil tutaiachia karatasi yenye namba ya gari na saa tunayotarajiwa kurudi. Idi atakaa usukani kwenye zile 60. Nimeshamwambia.

Kinachotuchelewesha ni pasi. Kadi ya ukaazi Baba Salma aliirudisha siku ya kiapo, na Mexico ilikuwa inamruhusu bila viza kwa kadi ile. Sasa mpaka pasi mpya ije. Tiketi sinunui kabla ya hapo.

Mama ameniambia leo, kama jambo dogo tu, kwamba vidonge vya presha anavimeza siku moja anaruka moja ili visiishe mapema. Hela ya dawa nilituma. Kesho nampigia dada aende kwa mama, Ngamiani, Tanga, akavihesabu mwenyewe, na amuulize imekwenda wapi.