Siku Moja Maishani Mwangu: Kutuliza Mtetemo kwa Seramiki na Saketi

Saa mbili asubuhi ninafika katika maabara ya mitetemo mjini Lyon, Ufaransa, ninakofanya utafiti, na kabla ya kugusa saketi yoyote ninakagua gundi. Kwenye meza nzito ya chuma kuna ubapa wa alumini uliobanwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, na karibu kabisa na pale palipobanwa tumebandika kipande chembamba cha seramiki ya piezo, yaani seramiki inayozalisha umeme inapopindwa. Hapo ndipo alumini inapojipinda zaidi inapotetemeka. Kipande kikisogezwa kuelekea ncha, umeme kinaouzalisha hupungua, na hakuna saketi, hata iwe ya ustadi kiasi gani, inayoweza kufidia upungufu huo.

Saa tatu ninautetemesha ubapa, kwanza nyaya mbili za seramiki zikiwa zimeunganishwa, kisha zikiwa zimeachwa wazi. Kilele cha mtetemo kinahama kutoka hezi (mitetemo kwa sekunde) 30.0 hadi 30.3. Tofauti hiyo ndogo ninaithamini kuliko kipimo kingine chochote cha siku, kwa kuwa inanionyesha kwamba takribani asilimia 2 tu ya nishati ya mtetemo ndiyo inayogeuka umeme, na kila nitakachofanya hadi jioni kitategemea kiasi hicho.

Kazi ya rezista, kifaa kinachozuia mkondo wa umeme, inaisha mapema. Seramiki yetu ina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) ya nanofaradi 100, hivyo rezista ya takribani kilo-ohm 52 inatosha kuugeuza umeme kuwa joto, na kilele kinashuka kwa desibeli 8.

Kuanzia saa sita ninashughulikia koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, ambayo ndiyo kiini cha utafiti wangu. Mtafiti Robert Forward alionyesha mwaka 1979 kwamba saketi ya nje inaweza kutuliza mtetemo kwa njia hii, na mwaka 1991 watafiti Hagood na von Flotow wakaiwekea msingi wa hesabu: koili na seramiki huunda saketi yenye mtetemo wake wa umeme, ambao ukilinganishwa na ule wa ubapa huunyonya. Ugumu ni kwamba kwa frikwensi ya chini hivi hesabu inadai koili ya henri 276 (henri ni kizio cha kupimia koili), na koili halisi ya kiasi hicho ingekuwa donge la chuma na waya wa shaba lisilobebeka na muundo mwepesi. Kwa hiyo ninaiga koili kwa amplifaya mbili ndogo, rezista nne na kapasita moja ya mikrofaradi 1.

Rezista mojawapo huzungushwa kwa bisibisi. Ninapoizungusha polepole, kilele kimoja kwenye skrini kinagawanyika kuwa vinundu viwili. Cha kushoto kinapanda, kisha cha kulia, na vinapolingana kimo ninajua saketi imekaa sawa. Mtetemo sasa hauzidi sehemu ya kumi ya ule wa awali. Hata hivyo amplifaya zinatumia volti 15 chanya na hasi, na nikiongeza nguvu ya kutetemesha, mawimbi kwenye oskiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme, yanakatwa vichwa na utulivu wote unatoweka.

Saa tisa alasiri chumba kimepata joto, kapasitansi ya seramiki imepanda kidogo, na vinundu havilingani tena. Rezista peke yake haisumbuliwi sana na badiliko kama hilo, na nadhani sisi watafiti tunaidharau isivyostahili kwa sababu matokeo yake hayavutii macho.

Saa kumi na moja, kwa kuwa muundo tunaoukusudia utakaa mahali joto linapobadilika, ninaongeza rezista iliyo pamoja na koili kutoka kilo-ohm 11 hadi 15. Tunapoteza sehemu ya utulivu, lakini mchoro unabaki karibu uleule hata thamani ya koili ikikosewa kwa asilimia chache, na kilo-ohm 15 ndiyo thamani ninayoiandika katika ripoti.