Tangi la pampu lililokuwa na kutu: jinsi nilivyolitibu

Pampu yangu ya zamani ya petroli, ninayomwagilia mpunga hapa Mabogini, Moshi, ilikuwa inawaka dakika 10 kisha inazima. Chujio limejaa tope la kahawia. Nilisafisha kabureta mara 3, nikabadilisha chujio, nikatikisa kokoto ndani ya tangi. Wiki haikuisha, kutu ikarudi.

Mwishowe nilivua tangi, nikatoa koki na kuziba tundu lake kwa bolti iliyopakwa grisi. Nikajaza siki, nikatumbukiza mnyororo wa baiskeli, nikawa nalitikisa kila nikipita, siku 2. Nikasuuza kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki.

Kumbe hapa ndipo nilipokuwa nakosea. Chuma kikishatolewa kutu, kikikaa na unyevu kidogo tu kinaanza kuwa chekundu tena, na maji hujificha kwenye maungio. Safari hii nilimimina spiriti papo hapo ili ibebe maji yaliyobaki, nikazungusha, nikamwaga, nikalianika juani mbali kabisa na moto mpaka harufu ikaisha. Ndipo nikatia epoksi ya matangi, ile rangi nzito inayoganda na kufunika chuma kwa ndani, nikaligeuza taratibu pande zote, iliyozidi nikaichuruza isigande chini. Nikaliacha siku 4.

Sasa ni mwezi wa pili. Kikombe cha chujio kina petroli safi, unaona mpaka chini.