Nozo namba tatu

Mwezi wa kumi, msimu wa korosho umepamba moto, gari langu lilianza kumisi, injini inakosa moto na kukwamakwama, nikitoka Mtama kwenda Mnazi Mmoja. Kila kimlima usukani unatetemeka, na taa ya injini imewaka.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Ya tatu ilitoka kavu, haina hata harufu ya petroli, akaitupa na wenzake. Wa pili akasema pampu ya petroli. Nikanunua, nikabaki na pampu mpya na gari lilelile.

Aliyenitoa ni mzee mmoja mwenye gereji ya uani, Mikindani. Spana hakugusa. Alichukua bisibisi ndefu, ncha juu ya nozo, kile kidude kinachopulizia petroli kwenye injini, mpini sikioni, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kisha akanipa mimi. Ya kwanza: tak-tak-tak, kama cherehani. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu kimya.

"Mjomba, mafuta yamefika mlangoni. Mlango ndio haufunguki."

Miaka sita naendesha kitu nisichokijua. Kwenye kabureta, hewa ikipita inaivuta petroli yenyewe. Kwenye gari la nozo kama langu, pampu ya ndani ya tangi inaisukuma, inapita filta, inajaa kwenye bomba linalolisha nozo zote, kwa presha ya baa 3 hivi kwa magari mengi ya namna hii. Nozo ni koki ya umeme. Ndani mna koili. Umeme ukipita, sumaku inanyanyua sindano, petroli inatoka kama ukungu kwa milisekunde chache tu, springi inafunga. Kwenye mizunguko 750 kwa dakika, kila nozo inafungua kama mara 6 kwa sekunde. Ifungue kwa muda gani, hiyo ni kazi ya kompyuta: inapima hewa inayoingia na kuchungulia moshi unaotoka.

Mzee akapima koili kwa mita: omu 14, sawa na nyingine. Kumbe nozo nzima! Akachomeka taa ndogo kwenye soketi ya waya unaoleta umeme kwenye nozo. Kwa zile tatu inamemeteka, kwa hii giza. Akafuata waya kwa vidole, polepole, mpaka chini ya kifuniko cha injini. Umetafunwa.

Wiki tatu nililiegesha bandani, ubavuni mwa magunia ya korosho. Panya.

Akaunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, akafunga tepu. Nilipowasha, mtikisiko wote umekwisha. Alinitoza shilingi 15,000, na pampu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado iko kwenye buti.