Wikio halimo kwenye ramani

Ngazi za nyumba za Mkomani, mjini Lamu, hazimhurumii mwenye magoti mabovu. Mume wangu alifika hadi akawa anaswali ghorofani, msikiti anausikia kwa adhana tu, ndipo mwaka wa 2023 tukakubaliana kuuza. Nyumba ilikuwa yangu. Babangu aliniandikia nilipoolewa, kama ilivyo ada ya Waamu kumpa binti nyumba. Tulikuwa tumeshaona nyingine upande wa mtaa wa Kashmiri, ya chini, choo hatua chache kutoka kitandani.

Mwenye hiyo nyumba alikuwa akijengesha mashua kijijini Matondoni, na mafundi walikuwa wakimdai. Mnunuzi wetu naye alitoka Nairobi, ananunua kwa mkopo wa benki. Alitoa asilimia 10 ya bei, lakini pesa hizo zilikaa kwa wakili zikingoja mauzo yakamilike, na mkataba ulitupa siku 90. Zilizobaki benki ingelipa baada ya hati kuhamishiwa jina lake. Kabla ya hapo tungepata barua ya ahadi tu kutoka kwa wakili wa benki. Nilimweleza mwenye mashua habari ya barua hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Dada, mafundi wa Matondoni hawali barua.”

Kodi ya faida ya kuuza mali, ile ya asilimia 15, haikutugusa, kwa kuwa nyumba uliyoishi mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza imesamehewa. Ushuru wa stempu wa nyumba mpya, asilimia 4, ndio uliotuuma.

Lakini kilichokwamisha mambo ni wikio.

Ghorofa yetu iliungana na ya shangazi yangu kwa wikio hilo, yaani chumba kilichojengwa juu ya uchochoro, boriti zake zimelala huku kwenye ukuta wetu na huku kwenye wake. Tangu utotoni mwangu shangazi hukaa humo alasiri akidarizi kofia, anaona kila apitaye chini naye haonekani. Mthamini wa benki alipokuja alikipima chumba kile na kukitia kwenye hesabu. Mnunuzi alishakipenda, alitaka kuweka meza yake ya kazi. Wakili alipofungua ramani, wikio halikuwemo. Ramani inaonyesha kiwanja, na chini ya wikio hapana kiwanja cha mtu, pana njia ya watu na punda.

Nikaenda kwa shangazi na halua. Hakuigusa.

“Mwanangu, umeuza na mimi nikiwa ndani?”

Dalali alinishauri nimwache mnunuzi apambane naye mwenyewe baadaye. (Madalali wa mji huu wanajua kula asilimia zao na kutoweka.) Mimi nilikataa, nikampigia mnunuzi simu, nikamwambia wikio halimo. Akanyamaza, kisha akataka apunguziwe bei. Alitaja pesa nyingi kuliko nilivyotazamia.

Nilipomfikishia shangazi kiasi hicho, aliuliza swali moja: “Nikikupa mimi pesa hizo?” Halafu akaanza kunipatana kama yuko sokoni, eti ninamuuzia hewa ya barabarani. Tulikubaliana chini kidogo ya alichotaja mnunuzi. Akauza bangili zake za dhahabu, akalipa taslimu, akadai hati ya mkono yenye mashahidi wawili. Akaisoma, akanirudisha nikaandike pia kwamba boriti upande wangu haziguswi.

Pesa hizo hazikupita kwa wakili yeyote. Zilivuka kwenda Matondoni, na mwenye mashua akakubali kungojea benki kwa zilizobaki.

Mlango wa upande wetu ilibidi uzibwe kwa mawe na chokaa, tena baada ya kuzungumza na watu wa Makumbusho ya Taifa, maana mji mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 na hujengi utakavyo. Mnunuzi alikuja kutazama kazi. Shangazi alikuwa upande wa pili, anampigia fundi kelele kwamba chokaa ni nyepesi.