Faini ya kuchelewa kulipa kodi Marekani: inavyoombewa msamaha

Barua ya CP14 (ya kudai kodi iliyobaki) ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikifika, wengi hutazama jumla tu na kuilipa. Soma mistari ya juu yake: deni lina kodi, faini na riba. Kodi haina mjadala, riba karibu haina. Faini ndiyo inayoombewa.

Jua kwanza ni faini ipi. Ya kuchelewa kulipa ni asilimia 0.5 ya kodi iliyobaki kwa kila mwezi, hata mwezi usiotimia, na mwisho wake ni asilimia 25. Ya kuchelewesha ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato na kodi ya mwaka, ni asilimia 5 kwa mwezi, yaani mara kumi. Asiye na hela mwezi wa nne, siku ya kulipa ikifika, apeleke ritani hivyo hivyo. Kuikalia mpaka pesa zipatikane ni kujiumiza bure. Fomu 4868, ya kuomba muda zaidi, nayo husogeza ritani hadi 15 Oktoba, haisogezi malipo. Hapo wengi hunaswa.

Njia nyepesi ni msamaha wa mara ya kwanza. Masharti: miaka 3 iliyotangulia iwe safi, bila faini, ritani zote zinazotakiwa ziwe zimewasilishwa, na kodi iwe imelipwa au uwe na mpango wa awamu. Piga namba iliyo kwenye barua ukiwa nayo mkononi, utamke "First-Time Abate". Usianze kusimulia shida zako. Hapa wanaangalia rekodi, si huruma. Mara nyingi jibu hutoka kwenye simu hiyo hiyo. Isipowezekana kwa simu, andika kwa fomu 843, ya kuomba kufutiwa au kurejeshewa.

Kama unaweza, maliza kodi kwanza ndipo uombe. Faini hii huendelea kukua hadi deni liishe, kwa hiyo anayeomba mapema hufutiwa iliyokwisha kujikusanya tu, kisha itambidi arudi kuombea iliyoongezeka. Walio kwenye awamu na waliopeleka ritani kwa wakati hutozwa asilimia 0.25 badala ya 0.5.

Rekodi ikiwa na doa, inabaki kutoa sababu ya msingi: moto, mafuriko, ugonjwa mkubwa, msiba wa mtu wa karibu. Vielelezo viwe na tarehe zinazogusana na siku ya kulipa. Cheti cha hospitali cha Januari hakielezi vizuri deni la Aprili ikiwa Februari ulikuwa kazini. Kukosa pesa peke yake hakutoshi, ila kilichozikosesha chaweza kukubaliwa. Kumtupia lawama mhasibu aliyechelewesha ritani hakusaidii: Mahakama ya Juu ilishalikataa hilo mwaka 1985 katika kesi ya Boyle.

Faini ikifutwa, riba iliyotozwa juu yake hufutwa pia. Riba ya kodi yenyewe hubaki. Uliyekwisha kulipa bado unaweza kudai urejeshewe kwa fomu 843, ndani ya miaka 3 tangu uwasilishe ritani au 2 tangu ulipe, muda wowote unaoisha baadaye. Ukikataliwa, barua ya kukataa hueleza namna ya kukata rufaa, na kwa kawaida hukupa siku 30.