Pesa za jando la mjukuu: nilivyozuia zisiishie kwenye sukari

Huku Newala mtoto akitoka jandoni hutuzwa noti mpaka kanga ya mama inajaa. Baada ya wiki zimekwenda kwenye sukari, madeni na nguo, mtoto habaki na kumbukumbu yoyote. Jambo hili lilikuwa likiniuma sana.

Kwa mjukuu wangu nikaweka kaunta buku kando ya mkeka. Kila anayetuza anaandika kiasi na neno kwa mtoto. Asiyejua kuandika anaandikiwa na kijana. Shangazi yake aliandika: "Elfu tano. Imetoka kwenye mkorosho alioupanda babu yako. Soma, mwanangu." Kwangu mimi, mstari huo unaizidi noti yenyewe.

Pesa tukanunulia vipande, yaani sehemu za uwekezaji, katika Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwa manufaa ya mjukuu. Thamani ya vipande huweza kushuka pia, kwa hiyo wazazi niliwaeleza mapema. Msimu wa korosho, malipo ya mnada yakiingia, tunaongeza kidogo na kuandika ukurasa mpya. Mama yake akibanwa na shida, ukoo tunachangishana pembeni, vipande haviguswi.